Simu ikigoma: jaribu haya mwenyewe kabla ya kumfuata fundi

Simu ikizima ghafla mjini, mwenyewe anavuka barabara tu na kumkuta fundi. Ikizima Usinge, mara nyingi mwenyewe anaanza kuhesabu nauli ya kwenda Kaliua, Urambo au hata Tabora mjini. Huko nako anaweza kuambiwa kuwa tatizo lilikuwa dogo, la kuzima na kuwasha tu, lakini hela ya fundi imeshatoka na siku ya shamba imeshapotea.

Simu siku hizi si ya salamu peke yake. Mkulima anasubiri ujumbe wa benki kumwambia malipo ya tumbaku yameingia. Mama anasubiri hela ya matumizi kutoka kwa kijana aliyeko Dar es Salaam. Mfugaji anauliza bei ya mnadani kabla ya kuswaga ng'ombe. Zamani, habari katika njia hii ya kutoka pwani kwenda Ujiji zilitembea na miguu ya wapagazi. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na barua zikaanza kupanda treni. Leo habari inafika kwa sekunde chache, mradi tu simu iliyo mfukoni iwe hai.

Makala hii inaeleza matatizo yanayojitokeza mara kwa mara, sababu zake na unachoweza kujaribu mwenyewe bila gharama. Inaeleza pia lini uache kujaribu na kumpelekea fundi, na mambo ambayo hata fundi hapaswi kuyajua. Mengi yanahusu simu ya kupapasa, lakini yapo pia ya kitochi.

Zima, subiri, washa

Hili ndilo jambo la kwanza, na watu wengi hulidharau. Simu inapofanya kazi siku nyingi bila kuzimwa, programu zake hubaki zimefunguka na kujaza kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nyingine hukwama na kuzuia wenzake. Ukizima na kuwasha, kila kitu kinaanza upya, na simu inautafuta mnara wa mtandao upya.

Kuzima na kuwasha hakufuti namba za watu, picha wala ujumbe. Kama kioo kimeganda na hakisikii kidole, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 10 hadi 20. Simu nyingi zitajizima zenyewe na kuwaka upya. Nyingine zinataka ushikilie pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Kwa kitochi, fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, subiri dakika moja, kisha irudishe.

Fanya hivi kwanza kwa karibu kila tatizo. Likiisha hapo, umeokoa nauli.

Mtandao hausomi

Simu inazungumza na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hupungua kadiri unavyokuwa mbali, na huzuiwa na vilima, miti mingi na kuta. Bati nalo huyazuia sana, ndiyo maana mtu aliye ndani ya nyumba ya bati anaweza kukosa mtandao huku jirani aliyekaa chini ya mwembe anapiga simu vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu simu, toka nje na usimame mahali palipo wazi au palipoinuka.

Kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo. Kama naye hana mtandao, tatizo liko kwenye mnara na simu yako haina kosa. Subiri.

Pili, tazama kama kuna alama ya ndege juu ya kioo. Hiyo ni hali ya ndegeni, na ikiwa imewashwa simu haipigi wala haipokei. Watoto wakichezea simu huiwasha mara nyingi bila kujua. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini, gusa alama ya ndege, itazimika. Hata kama haikuwa imewashwa, unaweza kuiwasha kwa nusu dakika na kuizima tena, na simu italazimika kuutafuta mnara upya.

Tatu, zima simu, toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu na laini, kisha irudishe vizuri mahali pake. Vumbi na jasho kwenye ile sehemu ya rangi ya dhahabu vinaweza kuzuia simu kuisoma. Usikwangue kwa wembe au kisu.

Nne, weka laini yako kwenye simu ya mtu unayemwamini. Ikisoma huko, simu yako ndiyo ina tatizo. Isiposoma, laini ndiyo mbovu au imefungwa, na mtu wa kumwona ni wakala wa kampuni ya simu. Fundi hawezi kukusaidia hapo. Jaribio hili moja linakuonyesha njia ya kwenda.

Laini inaweza pia kufungwa kwa sababu ya usajili. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ukitaka kujua laini yako imesajiliwa kwa jina la nani, piga nyota 106 reli, yaani *106#, ufuate maelekezo. Huduma hiyo inakuonyesha pia laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa wakala ikafutwe. Laini hiyo ikitumika kwa utapeli, jina litakalotafutwa ni lako.

Kuna tatizo jingine linalofanana na la mtandao: watu wanakupigia, wanasikia unaita au unapokelewa na mtu mwingine, lakini simu yako iko kimya. Huenda simu zako zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Piga *#21# kuona hali ilivyo, na ##002# kufuta maelekezo yote ya aina hiyo. Mtu usiyemjua akikupigia na kukuomba ubonyeze namba ndefu yenye nyota na reli, kata simu. Hiyo ni mojawapo ya njia za kuelekeza simu zako kwake.

Intaneti inakataa, simu inapiga

Kama unapiga simu vizuri lakini WhatsApp haifunguki, angalia mambo matatu. La kwanza, kama data imewashwa: vuta kioo chini, tafuta alama ya mishale miwili inayotazama juu na chini. La pili, kama bando lipo. La tatu, tazama saa na tarehe. Simu iliyozimika muda mrefu inaweza kuonyesha mwaka usio sahihi. Programu nyingi hulinganisha tarehe ya simu na vyeti vya usalama vya mtandao, na zikiona tarehe haiendani, hukataa kufunguka. Ingia kwenye mipangilio, yaani ile alama ya gurudumu lenye meno, tafuta tarehe na saa, uiache ijirekebishe yenyewe.

Kumbuka pia kuwa huduma za fedha unazozifungua kwa nyota na reli hazihitaji intaneti. Zinafanya kazi hata kwenye kitochi na hata bando likiisha.

Bando linaisha bila kujua

Wengi wanalalamika kuwa wanaibiwa bando. Kabla ya kulalamika, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mtandao, utazame matumizi ya data. Simu itakuorodheshea kila programu na kiasi ilichotumia. Mara nyingi utakuta wakulaji wakubwa ni wawili: video, na programu zinazojisasisha zenyewe usiku.

Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio yake, ingia sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka zinazojipakua zenyewe. Kuanzia hapo video ya kundi la harusi haitashuka mpaka uiguse. Kwenye Play Store, chagua programu zisijisasishe kwa data ya simu. Unaweza pia kuwasha kiokoa data, ambacho kinazuia programu usizozifungua zisile bando kwa siri.

Kwa msikilizaji wa redio, hesabu hii ni muhimu. Redio inayorushwa kwa intaneti kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa moja. Ikiwa ni kilobiti 128, ni takriban MB 58. Ukisikiliza saa 3 kila jioni, hiyo ni MB 87 hadi 174 kwa siku. Simu yenye redio ya FM haili hata MB 1, kwa kuwa inapokea mawimbi moja kwa moja kutoka hewani. Sharti lake, kwa simu nyingi, ni kuchomeka hedifoni za waya, kwa sababu waya huo ndio antena. Ukishachomeka unaweza kuchagua sauti itoke kwenye spika, mkasikiliza wote.

Simu imejaa na imekuwa nzito

Ukiona simu inachelewa kufungua kitu, inagoma kupiga picha, au WhatsApp inakataa kupokea ujumbe, angalia hifadhi. Simu inahitaji nafasi tupu ya kufanyia kazi, kama ghala linavyohitaji njia ya kupita. Magunia yakijaa mpaka mlangoni, hata kutoa debe moja ni kazi.

Usianze kwa kufuta picha za familia. Anza na vitu visivyo na uchungu. Kwenye WhatsApp, ndani ya hifadhi na data, kuna mahali pa kudhibiti hifadhi panapoonyesha mafaili makubwa na video zilizosambazwa mara nyingi. Futa hizo. Kisha ondoa programu usizozitumia. Picha na video unazozipenda zihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya mtu unayemwamini, uhakikishe zinafunguka huko, ndipo uzifute kwenye simu.

Usipakue programu zinazodai kusafisha simu na kuifanya iwe na kasi. Nyingi zinakuletea matangazo, zinakula bando, na zinaongeza mzigo uleule unaotaka kuupunguza.

Chaji haiingii, au haikai

Kwa anayechaji kwa sola au kwenye kibanda cha chaji, tatizo hili ni la kila siku. Anza na kilicho rahisi. Jaribu waya mwingine, kisha kichwa kingine cha chaja. Nyaya ndizo zinazokatika mapema, hasa pale zinapokunjwa karibu na kichwa. Ikikataa bado, angalia tundu la chaji. Kiangazi vumbi hujaa humo na kushindiliwa kila unapochomeka. Zima simu, chukua kijiti chembamba kikavu cha mti, utoe vumbi polepole. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu vinaweza kugusisha sehemu za umeme na kuunguza simu.

Betri za simu nyingi za sasa ni za lithiamu, na adui wao mkubwa ni joto. Usiache simu juani juu ya paneli ya sola, wala usiichaji ikiwa chini ya mto. Si lazima usubiri ifike sifuri ndipo uchaji. Kwa kweli, betri hudumu zaidi ikizungushwa kati ya asilimia 20 na 80. Mahali mtandao ulipo hafifu, chaji huisha haraka kwa kuwa simu inatumia nguvu nyingi kuufikia mnara. Usiku kama husubiri simu, iweke kwenye hali ya ndegeni.

Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja. Dalili ni mfuniko wa nyuma kuinuka, au kitochi kuzunguka kikiwekwa mezani. Usiitoboe, usiikandamize na usiitupe motoni, kwani inaweza kulipuka na kuwaka.

Simu imeingia maji

Izime hapo hapo, hata kama inaonekana nzima. Maji peke yake hayaui simu haraka kama maji yakikutana na umeme. Toa laini, kadi na betri kama inatoka. Futa kwa kitambaa, geuza tundu la chaji litazame chini, kisha iache mahali penye upepo na kivuli kwa siku moja au mbili. Usiichaji na usiiwashe kuonja kama imepona. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii sana, na vumbi la mchele linaweza kuingia kwenye matundu. Kuiweka jikoni karibu na moto kunaharibu betri na gundi ya kioo.

Namba za siri: hapa ndipo hasara kubwa ilipo

Kuna namba za siri za aina tatu, na watu huzichanganya. Ipo ya kufungua kioo cha simu, ipo ya laini, na ipo ya akaunti ya fedha.

Ya laini ukiikosea mara 3, simu itadai PUK, ambayo ni namba ya tarakimu 8. Hapo simama. Usibahatishe, kwa sababu ukikosea PUK mara 10 laini inakufa kabisa. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi kubwa ambayo laini ilitoka nayo. Kama umeipoteza, piga huduma kwa wateja ya kampuni yako, namba 100, kwa simu nyingine yenye laini ya kampuni hiyo. Watakuuliza maswali ya kuthibitisha kuwa laini ni yako.

Ya fedha haiulizwi na mtu yeyote. Mfanyakazi halali wa kampuni ya simu hatakuuliza, wakala hatakuuliza, na fundi haihitaji kabisa kutengeneza simu. Mzee asiyeona vizuri amtafute mtoto au mjukuu wake mmoja wa kumsaidia, asimtajie wakala mbele ya foleni.

Ukipokea ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii, au umeshinda zawadi, au mtoto wako amelazwa shuleni, usijibu wala usitume. Mpigie mhusika kwa namba unayoijua. Kisha usambaze ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kupokea taarifa za utapeli wa namna hiyo.

Na kama unatuma hela mtandao ukakatika katikati, usirudie papo hapo. Angalia salio kwanza. Muamala unaweza kuwa umepita ila ujumbe umechelewa, na ukirudia utakuwa umetuma mara mbili. Ukikosea namba, piga 100 upesi kabla aliyepokea hajaitoa.

Ukienda kwa fundi

Yapo yanayomhitaji fundi: kioo kilichopasuka, tundu la chaji lililolegea, spika iliyokufa, simu isiyowaka hata kwa chaja nzuri. Ukienda, toa laini na kadi ya kumbukumbu ubaki nazo. Muulize bei kabla hajaifungua.

Akisema simu inatakiwa kuflashiwa au kurudishwa ilivyotoka kiwandani, elewa maana yake: namba, picha na ujumbe vilivyomo ndani vitafutika. Muulize kama hakuna njia nyingine. Hakikisha pia unaijua barua pepe na nywila ya Google iliyofungua simu hiyo. Tangu mwaka 2015 simu za Android zimewekewa kinga dhidi ya wezi: ikifutwa bila kufuata utaratibu, itadai akaunti ileile ya zamani. Wengi hufunguliwa akaunti dukani siku ya kununua, hawaandiki nywila, na baadaye wanafungiwa nje ya simu yao wenyewe.

Simu ikipotea

Hela yako haiko ndani ya simu. Iko kwenye akaunti ya kampuni, imefungwa na namba yako. Kwa hiyo cha kwanza ni kuazima simu na kupiga 100 ili laini ifungwe, kabla hata ya kuanza kuitafuta. Kisha toa taarifa polisi, na uende kwa wakala na namba yako ya NIDA uchukue laini mpya yenye namba ileile. Salio utalikuta.

Polisi watakuuliza IMEI, tarakimu 15 za kuitambulisha simu yako kati ya simu zote. Utazipata kwa kupiga *#06#, lakini lazima uwe umefanya hivyo simu ikiwa bado mkononi. Basi leo jioni chukua daftari, lile la mahesabu ya mbolea linafaa. Andika IMEI, PUK, barua pepe na nywila ya Google, na namba 5 za watu wako wa karibu. Namba ya siri ya fedha usiiandike humo. Daftari likae sandukuni nyumbani, lisifuatane na simu.